JERAHA LA NYONGA: LISEMWE, LIANDIKWE, LIPEWE NAMBA



Katika kazi zetu za kila siku majeraha hayakosekani. Mtu anapasua kuni, shoka linateleza. Mchungaji anapigwa pembe na ng'ombe. Abiria wa pikipiki anaangukia changarawe. Mtoto anapanda mwembe, tawi linakatika.

Jeraha la mkono au la mguu halina taabu kulionyesha. Lakini liko jeraha ambalo wengi wetu huona haya kulionyesha, hata mbele ya mganga. Hilo ni jeraha la nyonga. Mtu analifunika nguo, anajikongoja, anasema, "Ah, si kimechanika kidogo tu." Siku ya nne anaanza homa.

Leo tunataka kueleza jinsi jeraha la namna hiyo linavyoandikwa zahanati na hospitali, na jinsi maandishi hayo yanavyogeuzwa kuwa namba. Huenda msomaji akasema, "Kuandika ni kazi ya mganga, mimi inanihusu nini?" Inakuhusu sana. Mganga anaandika yale aliyoyaona na yale uliyomwambia. Usiposema, haandiki. Asipoandika, baadaye hakuna wa kujua.

Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika ukubwani tunajua nguvu ya karatasi. Hebu basi tuione nguvu hiyo katika jambo la afya.

NYONGA NI WAPI?

Tuanze na jina la mahali, maana hapa ndipo makosa mengi huanzia.

Nyonga ni pale mfupa wa paja unapoungana na mfupa wa kiuno. Weka kiganja ubavuni, ukishushe chini ya mshipi, mpaka uguse mfupa mgumu uliojitokeza kwa nje. Inua mguu. Utasikia panacheza. Hapo ndipo nyongani.

Watu wengi huita sehemu hiyo kiuno. Wengine husema paja, wengine husema tako. Katika mazungumzo ya baraza hakuna ubaya. Lakini katika kitabu cha hospitali kila sehemu ina namba yake. Jeraha la nyonga lina namba moja, la paja lina namba nyingine, la tako lina namba nyingine kabisa.

Kwa hiyo ukiulizwa umeumia wapi, usitaje jina tu. Onyesha kwa kidole. Sema pia ni upande gani, kulia au kushoto. Kama unaona haya, omba uingie ndani peke yako na mganga, au mama aombe muuguzi mwanamke awepo. Hiyo ni haki yako.

JERAHA WAZI NI LIPI?

Jeraha wazi ni jeraha ambalo ngozi imepasuka. Inaweza kuwa imekatwa na kitu chenye makali, imechanwa, imetobolewa na msumari au mwiba, au imeng'atwa na mnyama.

Katika lugha yetu neno "kidonda" hubeba mambo mengi. Mtu aliyekatwa na panga ana kidonda. Mwenye jipu lililopasuka ana kidonda. Mzee aliyelala kitandani miezi mitatu naye ana kidonda nyongani. Wote tunasema "kidonda". Lakini kwa mganga hayo ni mambo matatu mbalimbali, na tiba zake ni tatu mbalimbali.

Kidonda cha mgonjwa asiyegeuka kitandani huitwa kidonda cha kulalia. Hakikuletwa na ajali. Kimeletwa na mwili kukandamizwa mahali pamoja kwa muda mrefu mpaka damu ikashindwa kupita vizuri. Dawa peke yake haitoshi. Mgonjwa huyo anahitaji kugeuzwa kila baada ya muda, kukaushwa na kulishwa vizuri. Basi karatasi yake ikiandikwa "jeraha la nyonga", mtu wa pili atakayeisoma atadhani mzee alianguka.

Na kama chini ya jeraha mfupa nao umevunjika, hilo si jeraha wazi tu. Huo ni mvunjiko wazi, nao ni hatari zaidi, maana uchafu umepata njia ya kufika kwenye mfupa.

KWANZA OKOA MTU

Kabla ya kufika kwa kalamu, tuseme machache juu ya msaada wa kwanza.

Damu ikitoka, bandika kitambaa safi na ukandamize kwa nguvu bila kuachia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kama kuna kitu kimechoma na kubaki ndani sana, kwa mfano kipande cha chuma, usikichomoe nyumbani. Huenda ndicho kinachozuia damu. Kizungushie vitambaa kisitikisike, mkimbizeni mgonjwa.

Usitie majivu, wala udongo, wala mavi ya ng'ombe, wala mafuta ya taa. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Ukitia hivyo jerahani, umewafungulia mlango.

Kama ni mbwa aliyeng'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mtu haponi. Lakini chanjo ikiwahiwa, kinazuilika.

Jeraha la nyonga lisidharauliwe hata kama tundu ni dogo. Hapo karibu pana kiungo kikubwa, mishipa mikubwa ya damu na mishipa ya fahamu inayoshuka mguuni. Kitu chenye ncha ndefu kinaweza kuingia ndani kikafika tumboni.

MGANGA ANAULIZA NINI?

Wengine huchukia maswali ya mganga. "Nimekuja kutibiwa, yeye ananihoji kama polisi!" Tuchukue mfano wa mzee mmoja mfugaji aliyefika zahanati asubuhi.

Mganga: Shikamoo mzee.

Mzee: Marahaba mwanangu.

Mganga: Pole sana. Umeumia wapi?

Mzee: Hapa kiunoni.

Mganga: Naomba unionyeshe kwa kidole. Ahaa, hii ni nyonga ya kulia. Umeumia lini?

Mzee: Jana jioni, ng'ombe walipokuwa wanaingia zizini. Kama saa kumi na mbili hivi.

Mganga: Kitu gani kilikuumiza?

Mzee: Ng'ombe dume kanipiga pembe, nikaangukia seng'enge.

Mganga: Sasa kilichochana nyonga ni pembe au ni seng'enge?

Mzee: Pembe. Seng'enge imenikwaruza mkono tu.

Mganga: Mmetia kitu chochote?

Mzee: Mama watoto katia majivu kidogo, damu ikome.

Mganga: Umewahi kuchomwa sindano ya pepopunda?

Mzee: Sikumbuki, mwanangu. Nadhani sijawahi.

Maswali yenyewe ni hayo, wala hakuna la bure hata moja. Saa ya kuumia humsaidia mganga kuamua kama jeraha lishonwe. Jeraha lililokaa muda mrefu na kuingia uchafu, mara nyingi halishonwi papo hapo, maana ukilishona unafungia uchafu ndani. Kitu kilichoumiza humwambia atazame nini. Pembe huingia ndani kuliko tundu linavyoonekana kwa nje. Majivu yanamwambia asafishe zaidi. Habari ya chanjo inamwambia kama achome sindano. Pepopunda kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 3 na siku 21 baada ya kuumia, wakati ambapo mtu anaweza kudhani ameshapona.

MAANDISHI MAWILI YA JERAHA MOJA

Sasa tutazame jinsi jeraha la mzee huyo linavyoweza kuandikwa. Haya ni maandishi ya kwanza:

"Jeraha. Limesafishwa na kufungwa."

Na haya ni ya pili:

"Mwanamume, miaka 58. Jeraha wazi, nyonga ya kulia, upande wa nje. Amepigwa pembe na ng'ombe jana saa 12 jioni, zizini kwake. Urefu sentimita 6, kina sentimita 2. Kingo hazikunyooka. Ndani mna majivu na nyasi. Mfupa hauonekani. Damu imekoma. Anasimama na kutembea kwa maumivu. Akiguswa mguuni anahisi, vidole anavisogeza, mapigo ya damu mguuni yapo. Pia ana mkwaruzo mkono wa kushoto. Jeraha limesafishwa, halikushonwa leo. Amechomwa chanjo ya pepopunda, ya kwanza. Arudi kesho kutwa."

Je, ndugu msomaji, tofauti umeiona?

Tuseme kesho kutwa mzee anarudi, na mganga wa kwanza amekwenda semina. Yupo mganga mwingine. Akisoma maandishi ya kwanza hajui lolote. Je, jeraha limepungua au limeongezeka? Juzi lilikuwa sentimita ngapi? Sindano kachomwa au hakuchomwa? Itabidi aanze upya, au abahatishe.

Akisoma maandishi ya pili, anapima tena. Akikuta mguu umekufa ganzi na siku ile haukuwa na ganzi, anajua kuna jambo jipya, ampeleke mzee hospitali ya wilaya haraka. Akikuta sentimita 4, anajua linapona.

JERAHA KUPEWA NAMBA

Maneno hayo ndiyo mama wa namba. Sasa tueleze namba yenyewe.

Duniani kuna lugha nyingi. Mjapani akiandika "jeraha la nyonga" kwa lugha yake, sisi hatuwezi kulisoma. Hata daktari wawili wa nchi moja wanaweza kuliita jeraha moja kwa majina mawili. Kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana kutumia orodha moja ya magonjwa, ambamo kila ugonjwa na kila jeraha lina namba. Wataalamu huiita namba hiyo msimbo.

Orodha hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1893 Mfaransa mmoja, Jacques Bertillon, alipeleka orodha ya sababu za vifo katika mkutano wa wataalamu wa takwimu huko Chicago, Marekani. Nchi nyingi zikaipokea. Wakati ule ilihesabu vifo tu. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani liliichukua kazi hiyo, na orodha ikapanuliwa iingize magonjwa na majeraha ya watu walio hai. Tangu hapo imekuwa ikirekebishwa. Toleo la 10 lilipitishwa mwaka 1990. Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari, 2022, na nchi zinahamia huko polepole, kila moja kwa uwezo wake. Sisi hapa tutatumia namba za toleo la 10.

Katika toleo hilo jeraha wazi la nyonga huandikwa hivi: S71.0.

Usiogope. Namba hii inasomeka kama anwani ya barua. Ukiandika juu ya bahasha "Kwa Baba, Tanzania", barua haifiki. Unataja mkoa, wilaya, kata, kijiji. Namba ya ugonjwa nayo inakwenda hivyohivyo, toka kwenye kubwa mpaka kwenye dogo:

S ni mlango wa majeraha ya sehemu moja moja ya mwili.

7 ni sehemu ya nyonga na paja.

1 ni jeraha wazi.

0 iliyo baada ya nukta ni nyonga yenyewe. Ingekuwa paja, ingeandikwa S71.1.

Tukibadilisha tarakimu ya pili, tunabaki nyongani na pajani lakini aina ya madhara inabadilika:

S70 ni mchubuko au jeraha la juujuu.

S71 ni jeraha wazi.

S72 ni kuvunjika mfupa wa paja, pamoja na shingo yake iliyo nyongani.

S73 ni kuteguka kiungo cha nyonga.

S74 ni kuumia mishipa ya fahamu.

S75 ni kuumia mishipa ya damu.

S76 ni kuumia misuli na kano.

Tukibadilisha tarakimu ya kwanza, tunahamia sehemu nyingine ya mwili. Sifuri ni kichwa, kwa hiyo jeraha wazi la kichwa ni S01. Sita ni kiganja na kifundo cha mkono. Basi jeraha wazi la kiganja litaanza na nini? Naam, S61. Umeshaelewa.

Sasa turudi kwenye yale majina ya mahali. Tulisema watu huchanganya nyonga, paja na tako. Jeraha wazi la tako haliko kwenye S71 kabisa. Liko S31.0, pamoja na sehemu ya chini ya mgongo. La kinena liko S31.1, pamoja na ukuta wa tumbo. Kidonda cha kulalia hakimo hata katika S, kiko L89, kwenye magonjwa ya ngozi. Kuhama sentimita chache mwilini ni kuhama ukurasa katika kitabu. Ndiyo maana tunasema: onyesha kwa kidole.

NAMBA YA PILI: NINI KILILETA JERAHA?

S71.0 inasema mtu ameumia nyonga. Haisemi aliumizwa na nini. Kwa hiyo namba ya pili huwekwa kando yake kueleza chanzo. Hapa tunatoa chache zinazoweza kutokea vijijini:

W14 ni kuanguka toka mtini.

W27 ni kuumizwa na kifaa cha mkono kisicho na mashine, kama jembe au shoka.

W54 ni kung'atwa au kupigwa na mbwa.

W55 ni kung'atwa au kupigwa na mnyama mwingine, kama ng'ombe.

V20 mpaka V29 ni ajali ya mtu aliyepanda pikipiki, akiwa dereva au abiria.

X99 ni kushambuliwa na mtu kwa kitu chenye makali.

Yule mzee wetu basi ana S71.0 na W55. Aliyekatwa kwenye ugomvi ana S71.0 na X99. Jeraha ni moja, hadithi ni mbili.

NAMBA HAITOSHI PEKE YAKE

Tazama vizuri S71.0. Haisemi kulia wala kushoto. Haisemi kina. Haisemi kama kuna kipande cha mti kilichobaki ndani. Yote hayo yamo katika maneno ya mganga tu.

Wamarekani waliona upungufu huo, wakairefusha namba kwa matumizi ya nchi yao. Tangu tarehe 1 Oktoba, 2015 hospitali zao hutumia namba ya jeraha yenye herufi na tarakimu 7. Kwa mfano S71.011A maana yake ni jeraha la kuchanika, lisilo na kitu ndani, nyonga ya kulia, na mgonjwa bado yumo katika matibabu yenyewe. Tarakimu iliyo katika nafasi ya sita ingekuwa 2, ingekuwa nyonga ya kushoto. Herufi ya mwisho ingekuwa D, mgonjwa angekuwa katika kipindi cha kupona na kukaguliwa. Ingekuwa S, ingekuwa matokeo yaliyobaki baadaye, kama kovu linalovuta.

Lakini hata huko, karani anayeandika namba hakumwona mgonjwa. Anasoma yale aliyoandika daktari. Daktari asipoandika upande, karani hawezi kuubuni. Ataandika 9, yaani upande haukutajwa. Namba ndefu haiponyi maandishi mafupi.

FAIDA KIJIJINI

Katika zahanati nyingi mganga huandika jina la ugonjwa kwa maneno ndani ya daftari la wagonjwa wa nje. Hapa Tanzania madaftari hayo ni sehemu ya mpango unaoitwa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Yaliyoandikwa hujumlishwa, hupelekwa wilayani, na toka wilayani hupanda juu.

Faida ya kwanza ni hesabu. Tuseme katika mwaka mmoja watu 10 wa kata moja wameumia nyonga na mapaja. Kama daftari linasema "majeraha 10" tu, wilayani watasema, haya, majeraha yapo kila mahali. Lakini kama limeandikwa kwamba 8 kati yao walianguka na pikipiki kwenye kona moja yenye changarawe, hapo viongozi wa kijiji wana neno la kusema mbele ya wanaohusika na barabara. Hawaendi na malalamiko, wanaenda na hesabu.

Faida ya pili ni vifaa. Nyuzi, bandeji na chanjo huagizwa kwa kutazama matumizi na wagonjwa walioandikwa. Wagonjwa wasioandikwa hawahesabiwi.

Faida ya tatu ni bima. Mwenye bima ya afya akitibiwa, hospitali hudai fedha kwa fomu, na humo hutakiwa ugonjwa na namba yake. Kama namba inasema jeraha wazi na maelezo yanasema kidonda cha kulalia, wenye bima watauliza. Dai linaweza kukwama. Hospitali ikikosa fedha zake, sote tutaona upungufu wa dawa.

POLISI NA MAHAKAMA

Liko jambo jingine zito. Mtu akiumizwa kwa ugomvi, au kwa ajali ya barabarani, hapa Tanzania kuna fomu ya polisi inayoitwa PF3. Polisi hujaza sehemu yao, kisha mganga hujaza sehemu yake: jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, laelekea limeletwa na kitu cha namna gani, na madhara ni makubwa kiasi gani. Tunasisitiza kwamba uhai wa mtu hutangulia fomu. Anayevuja damu apelekwe kwanza kwenye tiba, na ndugu mmoja aende kituoni.

Kesi inaweza kusikilizwa baada ya miezi mingi. Wakati huo jeraha limeshapona. Limebaki kovu. Nalo kovu halisemi kama lilitokana na panga au na kuanguka, wala halisemi siku. Yanayosema ni maandishi ya siku ile.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo watu hulinong'ona tu. Mama anapigwa na mumewe kwa kisu nyongani. Anafika zahanati, mume kasimama mlangoni. Mganga anauliza, "Umefanyaje, mama?" Anajibu, "Nimeangukia jembe." Mganga anaandika: ameangukia jembe. Jeraha linafungwa. Mwaka unaofuata anachomwa tena, safari hii anakwenda kushitaki. Daftari linaletwa. Linasema nini? Linasema alianguka. Karatasi ile iliyopaswa kumtetea sasa inampinga.

Hatumlaumu mama huyo. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na sababu. Ila tunataka kila mtu ajue: unaweza kuomba kuzungumza na mganga faraghani, na mganga ana wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa. Nanyi ndugu mnaomsindikiza mgonjwa, msimjibie maswali. Mpeni nafasi aseme mwenyewe.

CHETI CHAKO NI MALI YAKO KUKITUNZA

Ukipewa cheti au daftari la matibabu, lisome kabla ya kuondoka. Kusoma unajua. Tazama kama jina lako ni sahihi, tarehe ipo, upande ulioumia umetajwa, sindano imeandikwa, na siku ya kurudi imewekwa. Kama mwandiko haukusomeki, au kama kumeandikwa kushoto nawe umeumia kulia, sema kwa adabu: "Samahani mganga, naomba unisaidie hapa." Hakuna kosa katika kuuliza.

Weka cheti mahali pakavu, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi za chanjo. Akina mama wengi wana kadi za kliniki zinazoonyesha chanjo ya pepopunda waliyochomwa wakati wa ujauzito. Msizitupe watoto wakikua. Siku ya jeraha kadi hiyo itamwambia mganga kwa dakika moja jambo ambalo kichwa kimesahau.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Jeraha la nyonga, hata dogo, lipelekwe zahanati siku hiyohiyo.

2. Usitie majivu, udongo wala mavi ya ng'ombe.

3. Onyesha mahali kwa kidole, na utaje kulia au kushoto.

4. Sema saa ya kuumia, kitu kilichokuumiza, ulichotia, na chanjo ulizochomwa.

5. Sema kweli juu ya chanzo. Kama kuna wa kukuzuia, omba faragha.

6. Soma cheti chako kabla ya kuondoka, kisha kitunze.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu tunapaitaje nyonga? Je, jina hilo linaweza kumchanganya mganga?

2. Kuna tofauti gani kati ya jeraha wazi na kidonda cha kulalia?

3. S71.0 ni nyonga na S71.1 ni paja. Jeraha wazi la kichwa huanza na namba gani?

4. Mwaka huu watu wangapi wa kijiji chetu wameumia, na wameumizwa na nini? Je, yameandikwa?

Swali hili la mwisho likijibiwa vizuri, lipelekeni kwenye mkutano wa kijiji. Mnaweza kuanza kwa kumwomba mganga wa zahanati awaeleze daftari lake linaonyesha nini bila kutaja majina ya wagonjwa.